Mkono wa Khalayi Unakwenda Kazini

Khalayi alikuwa anakamua soksi za shule za Nekesa kwenye karai, pale barazani ghorofa ya pili, mkono wake wa kushoto ulipojitoa kwenye kifundo na kushuka sakafuni. Haukumwaga damu. Ulijipangusa povu kwenye ukingo wa karai, ukatembea kwa vidole hadi penye ngazi, ukaanza kuteremka. Khalayi aliutazama mpaka ulipokata kona, kisha akamalizia soksi kwa mkono mmoja, akizibana kwa magoti.

Chini ya ngazi Waithera, muuza mboga, alikuwa anakatakata sukumawiki. Alipaza sauti bila kuinua kichwa.

"Mama Nekesa! Mkono wako umepita hapa. Unaelekea stegi ya matatu."

"Unaenda kazini," Khalayi alijibu.

"Haya. Basi leo mboga nitakukatia mimi."

Ng'ambo ya Barabara ya Kangundo, kisimani, lori la maji la Mutisya lilikuwa linaungurumishwa, na kila aliyekuwa macho Njiru alilisikia. Khalayi alikuwa ameliendesha lori hilo tangu kabla Nekesa hajazaliwa, hadi alipougua. Lilikuwa la kijani, la zamani, lenye gia boksi isiyomsamehe mtu. Madereva wengi walilikimbia. Gia zake hazikukubali nguvu. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachilia klachi, unangoja injini ishuke hadi sauti fulani ambayo hakuna anayeweza kukuelezea, unakanyaga tena, na kama sikio lako halikukudanganya, gia inaingia yenyewe, kama mwiko kwenye uji. Ukikosea, lori zima linapiga kelele na watu barabarani wanageuka kukuangalia.

Khalayi alifundishwa na mjomba wake huko Bungoma, aliyekuwa akivuta miwa kwa trela. Akikosea, mjomba hakumgombeza. Alisema tu, "Umeiamsha," kana kwamba gia ilikuwa imelala. Miaka ikapita, Khalayi akawa haiamshi. Pale kwenye mteremko wa kuingia Mathare aliweza kushuka kutoka ya nne hadi ya tatu hadi ya pili bila kugusa breki, na maji kwenye tangi yasijue kwamba kuna mteremko. Hapo ndipo alipokuwa akiimba. Kwingine kote hakuwa mtu wa nyimbo, hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu.

Mumewe, Wesonga, alikuwa kibarua wa viwandani. Aliamka alfajiri kwenda kusimama getini na wenzake, na siku nyingi alirudi bila kuitwa. Khalayi ndiye aliyemfundisha kuendesha, Jumapili baada ya ibada, kwenye kiwanja kilichokuwa hakijajengwa. Wesonga alipata leseni lakini sikio hakupata. Taifodi ilipomlaza Khalayi, Wesonga alishika usukani ili kazi isichukuliwe na mtu wa nje. Khalayi alipopona, akavaa buti zake, na Wesonga akamzuia mlangoni.

"Mutisya amesema hataki tena mwanamke kwa lori," alimwambia. "Nimemwomba, Mama Neke. Nimembembeleza. Amekataa kabisa. Amesema niendelee mimi."

Alikuwa na machozi. Khalayi ndiye aliyemfariji. Tangu siku hiyo, akimwona Mutisya barabarani, alivuka akapita upande wa pili.

Siku ile ya soksi, mkono ulirudi jioni ndani ya mfuko wa koti la Wesonga. Ulikuwa unanuka grisi. Ulipanda mapajani mwa Khalayi, ukajiunga na kifundo, ukanyoosha vidole.

"Nimeukuta umekaa kwenye gia," Wesonga alisema. "Nikauacha."

"Umekusumbua?"

"Hapana. Umenisaidia sana." Akavuta sahani ya ugali karibu. "Kesho naweza kwenda nao tu mfukoni, usichafuke njiani."

Wakakubaliana hivyo. Khalayi alipokwenda zahanati, daktari alikikagua kile kifundo, kilichokuwa laini kama kisigino cha mtoto, akauliza kama mkono unarudi kila jioni. Aliposikia unarudi, akamwandikia vitamini. Kina mama wa kanisa walisema wako wanawake ambao waume zao wenyewe hawarudi kila jioni, kwa hivyo ashukuru.

Na kwa kweli alishukuru, kwa sababu mkono haukumkatia mawasiliano. Akiwa anafagia Njiru, alihisi kwenye kiganja kile kirungu cha gia, joto lake, na mtetemo wa injini ukipanda kupitia chuma. Alihisi ya kwanza, nzito, lori limejaa maji likitoka kisimani. Alihisi ya pili ikingoja. Ufagio ulisimama hewani, naye akangoja pia, na ilipoingia, kitu kilimshuka kutoka kwenye bega hadi tumboni, kitamu kama maji baridi baada ya kutembea juani. Hakuhitaji kuambiwa lori liko wapi. Matuta yalimwambia. Ya tatu ndefu, kisha ya nne, hiyo ni Kangundo Road imefunguka. Ya pili, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, hao wamekwama Outer Ring. Rivasi fupifupi, wanaingia kwenye ploti za Donholm, ambako watu huegesha magari vibaya. Na mteremko wa Mathare ulipofika, nne, tatu, mbili, Khalayi aliimba peke yake jikoni, akikoroga chai kwa mkono wa kulia.

Kulikuwa na jambo jingine. Tangu asubuhi hadi jioni alihisi kiganja cha Wesonga kimeufunika mkono wake. Hakikubana, hakikusukuma, kilikaa tu juu yake, chenye jasho kidogo. Walikuwa hawajashikana mikono tangu siku za uchumba. Khalayi hakumtajia Wesonga jambo hilo, kwa kuogopa kwamba akiaibika ataacha. Alianza kupaka mkono wa kushoto mafuta kila asubuhi kabla haujaondoka.

Sifa za Wesonga zilienea. Wanawake wa Donholm walisema lori likiingia kwenye ploti hawasikii chochote mpaka waone bomba. Kule Mathare vijana walimpa jina, wakamwita Soft, yaani laini.

"Niaje, Soft!" walipaza sauti akipita, naye akainua mkono wa kulia kutoka kwenye usukani, maana wa kushoto ulikuwa na shughuli. Akaanza kutembea akiwa amenyoosha mgongo. Viwandani miaka yote hakuna aliyewahi kulijua jina lake.

Jumapili moja alasiri Wesonga akiwa mazoezi ya kwaya, Mutisya alibisha hodi. Alikuwa amebeba mkate na paketi za maziwa, na alivua kofia mlangoni. Khalayi alitaka kumfungia mlango, lakini mgeni ni mgeni. Akamkaribisha kiti.

"Pole, Triza," Mutisya alisema kwa sauti ya wodini, akitumia jina lake la ubatizo, ambalo watu wa kazini walimwita. "Ningekuja mapema, lakini Wesonga aliniambia hupendi kuonwa."

"Pole ya nini?"

"Ya macho."

Khalayi alimwangalia. Aliona kifungo cha shati lake kimeshonwa kwa uzi usiofanana na vingine. Kupitia dirishani nyuma yake aliona bango la kanisa ng'ambo ya barabara, na akaweza kusoma namba ya simu ya pasta.

"Macho yangu yana nini?"

"Si uliingiwa na giza baada ya ile homa?" Mutisya aligeuza kofia mikononi. "Bwana yako alikuja kwangu akilia. Nikamwambia, Triza nitamwekea kiti chake, apumzike hata mwaka. Akasema hapana, daktari amesema usiguse usukani tena maishani. Mimi nililia, nakuambia ukweli. Hakuna mtu amewahi kuliendesha lile lori kama wewe. Isipokuwa yeye sasa. Huyo mwanamume ana mkono, aisee."

Khalayi alichukua birika. Alimmiminia chai kwa mkono wa kushoto, kikombe kikajaa hadi ukingoni bila tone kumwagika.

"Mkono ni wangu," alisema. "Huu. Unaenda kila asubuhi kwa mfuko wa koti lake. Na macho yangu hayajawahi kuumwa."

Mutisya aliutazama ule mkono. Aliona lile sugu chini ya kidole cha kati, ambalo hupatikana kwa kirungu cha gia na si kwa kitu kingine. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia ya mkato.

"Nilishangaa," alisema. "Alikuwa anakwaruza sana wiki ya kwanza, halafu ghafla akatulia."

"Basi nirudishie kiti changu."

Mutisya alikunywa chai. Alikunywa taratibu, mpaka ikabaki nusu.

"Triza, ona. Mambo ya bwana na bibi mimi siingilii. Nikimtoa yeye nikuweke wewe, nitakuwa nimevunja nyumba. Na lori linatembea. Wateja wamemzoea Soft." Akasimama, akavaa kofia. "Nafurahi sana kwamba unaona vizuri. Mungu ni mkubwa."

Aliacha mkate mezani.

Wesonga aliporudi alikuta Khalayi amekaa kwenye kiti alichokaa Mutisya. Hakuwa amewasha jiko.

"Ulimwambia mimi ni kipofu," alisema.

Wesonga aliangalia mkate, akauelewa. Alikaa kitandani, akafungua viatu kwa muda mrefu.

"Ungekuwa mahali pangu siku moja, Mama Neke," alisema hatimaye. "Getini wananiita Bwana ya Dereva. Hata mjomba wako hunisalimu kwa jina lako. Nilishika ule usukani wiki moja, mtu akaniita dereva. Mtu mmoja tu. Nikaona siwezi kurudi getini."

"Ungeniambia."

"Ungenipa kiti?"

Khalayi alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

"Hapana," alisema.

"Umeona. Na kwani umepoteza nini? Bado unaendesha. Mimi pale nakanyaga klachi tu. Raha yote ni yako."

Kisha Khalayi akauliza kitu ambacho hakutaka kuuliza.

"Na mbona unaushika? Siku nzima. Unaufunika kwa mkono wako."

Wesonga alimtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Ndio watu wasiuone," alisema.

Kesho yake Khalayi aliufunga mkono kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Wesonga alisimama mlangoni na koti lake, mfuko mtupu, akaondoka. Mkono ulivuta leso hadi kifundo cha Khalayi kikaingia baridi, kisha ukatulia, vidole vikichezacheza vyenyewe: mbele, katikati, nyuma.

Lori lilipoanza kupanda kutoka kisimani, Khalayi alilisikia kutoka barazani. Klachi ilikanyagwa kwa kuchelewa. Ya pili ililazimishwa, ikakataa, ikalazimishwa tena, na meno ya gia boksi yakasagana kwa mlio uliowafanya mbwa wa ploti waanze kubweka. Waithera aliweka kisu chini. Khalayi alikaza taya. Alisikia mlio ule kwenye meno yake mwenyewe, na ukaendelea hadi lori lilipopotea upande wa mjini.

Jioni Wesonga alikaa kula bila kuvua koti.

"Limenirudi nyuma pale Mathare," alisema. "Gia ilikataa katikati ya kilima. Kulikuwa na mama na beseni la samaki. Ameruka. Beseni limesagika."

"Yeye yuko sawa?"

"Yuko sawa. Wamesema Soft leo ni mgonjwa."

Siku iliyofuata Wesonga hakuuomba mkono. Alivaa koti, akamwita Nekesa amfunge kamba za viatu vyake vya shule, akakawia kuliko kawaida. Khalayi alijua kwamba angeweza kungoja. Gia boksi ingekufa baada ya siku chache, Mutisya angemfukuza Wesonga, na lori lingesimama kisimani bila mtu. Aliiwazia ile gia ya pili, ukingo wake uliokwisha kulika, na vipande vya chuma vikielea kwenye oili. Akamwazia yule mama, safari hii asiwahi kuruka. Khalayi hakumhurumia mumewe. Alijitafuta ndani kama kuna huruma iliyobaki kwake, na hakuikuta.

Akafungua leso.

Mkono uliruka sakafuni, ukapanda mguu wa suruali ya Wesonga, ukaingia mfukoni bila kugeuka.

"Asante, Mama Neke," alisema Wesonga.

"Usiniite hivyo," alisema Khalayi. "Niite Triza, kama wale wengine."

"Sawa, Triza," alisema Wesonga, akashuka ngazi.

Khalayi alikwenda jikoni, akawasha jiko, akabandika maji ya chai. Kupitia kiganja alihisi kirungu, baridi kwanza, kisha kikipata joto. Alihisi kiganja cha Wesonga kikija juu, kikitafuta mkao, kikimfunika hadi kwenye kucha. Safari hii alijua ni kitu gani, na uzito wake ulikuwa uzito wa kifuniko. Alijaribu kuukaza mkono, auzuie hata kidogo, gia ipige kelele mara moja tu mbele ya watu wote wa stegi. Mkono haukumsikiliza.

Ya kwanza. Klachi. Injini ikashuka, ikashuka, ikafika pale. Ya pili ikaingia bila kuamka, na Khalayi, amesimama mbele ya sufuria akiwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo, alihisi ule utamu ukimshuka begani hadi tumboni kama kila siku.