Makopo Manne ya Shemeji

Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kusoma ripoti za maabara inayochunguza vinyama vilivyotolewa kwenye upasuaji, na kukipa kila kimoja msimbo wa malipo. Ofisi nzima ilimwita Rula. Madaktari walipomchosha kwa kurundika vipande vya sehemu tofauti kwenye kopo moja, alibandika tangazo mlangoni mwa chumba cha upasuaji: KILA KIPANDE, KOPO LAKE.

Tangazo likatiiwa. Jumatatu hiyo alikuta mezani fomu ya makopo manne, na mgonjwa alikuwa mume wa dada yake, fundi cherehani asiye na bima. Dada mtu alikwisha kupiga simu.

"Si wewe unayeandika? Andika kimoja. Vikiwa vinne, anauza cherehani."

"Nitaandika vilivyomo, dada."

"Haya, Rula. Hata kwetu umenyooka!"

Alifungua ripoti roho ikiwa juu. Akaisoma mara mbili. Uvimbe ulikuwa mmoja, wa begani, usio na hatari. Ulikatika vipande vinne wakati wa kuutoa, na daktari, kwa kulitii tangazo, akakipa kila kipande kopo. Uvimbe mmoja, mahali pamoja, jibu moja: msimbo mmoja. Akauandika.

Kabla ya saa sita mkaguzi wa malipo alisimama mlangoni.

"Makopo manne, msimbo mmoja. Na nasikia mgonjwa ni shemeji."

"Soma ukurasa wa pili, mzee."

Mzee akasoma, akarudisha faili. "Umejipanga vizuri," alisema, akamkonyeza. Konyezo lile lilimuuma kuliko karipio.

Jioni shemeji alifika kwake na gauni jipya, bega likiwa bado na bandeji.

"Shem, hili ni la ule mpango."

"Hakukuwa na mpango! Uvimbe ulikuwa mmoja."

"Mmoja," alikubali shemeji kwa sauti ya chini, akichungulia dirishani. "Hata mimi nikiulizwa, mmoja."

Asubuhi Rula aliliendea tangazo, akafuta KIPANDE, akaandika UVIMBE. Simu ikaita. Alikuwa shangazi yao, ambaye hakuwahi kumpigia hata siku moja.

"Mwanangu, wananitoa kifuko cha nyongo. Kina mawe matatu. Kwako wewe hivyo vitakuwa vingapi?"

Rula alifumba macho. Kifuko na mawe yake huhesabiwa pamoja, na kanuni ilikuwa wazi kama mchana.

"Kimoja, shangazi," alisema.

"Nilijua tu," shangazi akanong'ona. "Mungu akubariki."