Salamu Arobaini na Moja za Kibwana

Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, Yusta alikuwa barazani kwake Manundu, mjini Korogwe, akibadilisha zipu ya sketi ya shule, marehemu Awadhi alipopiga hodi. Alivaa suti ya kaki ya mikono mifupi, na mkoba wa ngozi aliukumbatia kifuani kama abiria anayeogopa vibaka. Yusta hakumjua kwa sura. Alimjua aliposema "Hodi wenyewe," kwa sababu sauti ile aliisikia kila jioni ya ujana wake, na sauti haikuwa imezeeka.

"Shikamoo, mzee Awadhi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kikazi."

Awadhi alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu redioni. Alifariki miaka kumi na minane iliyopita, na tangazo la msiba wake lilisomwa na mtu mwingine, vibaya. Yusta alimsogezea kigoda, akamwomba radhi kwa vitambaa vilivyozagaa. Pendo, jirani yake anayekaanga mihogo kando ya barabara, alileta sahani na kikombe cha chai. Awadhi alishukuru, akaeleza kwamba huko aliko hawali, ila harufu ya mihogo wanaikumbuka sana. Pendo akaiacha sahani karibu na magoti yake, akarudi kwenye karai lake.

Awadhi akaeleza shida iliyomleta. Enzi zake watu walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya wanaowasalimu, wimbo wanaouomba na ujumbe, wakazitia posta. Kila kadi iliyomfikia mezani aliisoma, hata zenye mwandiko wa kuku. Lakini alipofika huko aliko alikuta magunia ya kadi ambazo hazikumfikia: zilizoloa, zilizoanguka njiani, zilizotupwa kwa makusudi. "Kule zinafika zote," alisema. Hakuona namna ya kupumzika na magunia yale yakimwangalia. Alianza na gunia la mkoa wa Tanga kwa kuwa ndilo lililokuwa juu.

Ilipotimia saa kumi na moja kamili alikohoa pembeni, akatoa kadi ya kwanza. Kingo zake zilikuwa nyeusi.

"Kutoka kambi namba tatu, shamba la mkonge, Korogwe. Mzee wa Betri Mpya anawasalimu Binti wa cherehani, Binti wa dirisha la bluu, na Binti anayejijua. Ujumbe wake: nimekuona jana dukani, umekata nywele. Wimbo alioomba haukupatikana maktaba."

Alipomaliza kadi ilisambaratika mkononi mwake ikawa majivu. Yusta alichukua ufagio akafagia, kisha akakaa tena, akaomba aendelee.

Mzee wa Betri Mpya alikuwa Kibwana, na wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne. Yusta alikuwa na ishirini. Kibwana alitoka Handeni kuja kufanya kazi kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kubakiza nyuzi, na alipata jina hilo kambini kwa sababu redio yake ilikuwa na betri mpya wakati wenzake wakianika za kwao juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Jioni hizo mtaa mzima ulikuwa na sauti moja. Mtu aliweza kutoka kisimani mpaka nyumbani kwake bila kukosa neno la kipindi, kwa kuwa kila dirisha lilikuwa na redio, na aliyetajwa jina alitembea wiki nzima kifua mbele. Siku hizi kila mtu ana simu yake na vipokea sauti vyake masikioni, na Pendo akitaka kumsalimu mtu anamtumia picha ya ua.

Yusta na Kibwana hawakuruhusiwa kuonana. Yusta Mkristo, mjukuu wa manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Kibwana Mwislamu, Mzigua wa watu. Kwa hiyo walikubaliana kusalimiana redioni kwa majina ya kujificha, mbele ya nchi nzima, mahali ambapo hakuna ambaye angewatilia shaka. Aliyewapelekea kadi zao posta ni Nicolaus, kaka yake Yusta, tarishi wa ofisi ya shamba. Wote wawili walimwamini. Yusta alisikiliza kipindi kila jioni kwa mwaka mzima na hakutajwa hata mara moja. Kisha akasikia kwamba Kibwana amerudi kwao bila kuaga.

Awadhi alikuja kila siku ya kazi, saa kumi na moja kasoro dakika tano, na kila jioni alisoma kadi nne. Wateja waliokuja kupimwa nguo walisubiri ukutani kimya mpaka amalize. Mmoja alilalamika tu kwamba mzee alikuwa anasoma haraka.

"Ujumbe wake: leo mashine imeharibika, nimesikia ndege."

"Ujumbe wake: mama ameuliza jina lako. Nimemtajia."

"Ujumbe wake: labda redio yako ni mbovu. Nikipata mshahara nitakununulia nyingine."

Kadi ya arobaini na moja ilisomwa Jumanne ya tatu. Awadhi aliishika muda mrefu kuliko zote.

"Ujumbe wake: Jumamosi narudi kwetu Handeni. Nitakuwa stendi tangu alfajiri. Usipokuja nitajua jibu, wala sitakulaumu."

Yusta aliikumbuka Jumamosi hiyo. Alifua mashuka ya mama yake, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja, na alipomaliza aliyaanika, na yalipokauka akayakunja. Ilikuwa siku kama nyingine. Mama alikaa kitandani miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na wanaume wawili waliokuja kuposa waliondoka kwa kuona jinsi nyumba ile ilivyomtegemea. Mama alipozikwa Yusta alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na posa zilikuwa zimekwisha.

Alifagia majivu. Kisha akauliza kwa nini kadi zote zinanuka moshi.

Awadhi alisema hilo halijui. Yeye huzipokea tu.

Kesho yake asubuhi Yusta alikwenda Masuguru kwa kaka yake. Nicolaus sasa ni mzee wa kanisa, mjane mwenye watoto watano na wajukuu, mtu anayeitwa kusuluhisha ndoa za watu. Alikuwa uani anawamwagia kuku pumba. Yusta alimsalimu, akamwambia kwamba mtangazaji Awadhi amemsomea kadi za Kibwana.

Nicolaus aliendelea kumwaga pumba mpaka bakuli likaisha.

"Nilizichoma nyuma ya ofisi," alisema. "Kwenye pipa. Zake na zako."

"Zote?"

"Zote. Mama alikuwa hawezi kujigeuza, Yusta. Mimi nilikuwa natafuta mke. Ungekwenda Handeni nani angekaa naye?"

Yusta alisema kwamba hakuulizwa. Nicolaus akasema ni kweli, hakuulizwa, kwa sababu yeye wakati huo alijua Yusta angejibu nini. Akaongeza kwamba mama alikufa akiwa msafi, bila kidonda hata kimoja mgongoni, na watu mpaka leo wanalisema hilo. Baada ya hapo akataka kujua kama anakusudia kulipeleka jambo hili kanisani. Yusta alimwona kuku mmoja anachechemea, akamwambia kaka yake amwangalie mguu, akaondoka.

Jioni ile Awadhi alikuja na mkoba mwepesi. Alisema zimebaki kadi kumi na tisa, na hizo si za kumsomea Yusta bali zimetoka kwake. Zinatakiwa zisomwe mbele ya mlengwa. Handeni hajawahi kufika, hata alipokuwa hai, na angeshukuru kama mtu angemwelekeza.

"Huwezi kunipa nimpelekee?"

"Salamu husomwa, mwanangu. Hazikabidhiwi."

Walipanda basi Alhamisi asubuhi. Awadhi alikaa dirishani na mkoba wake magotini. Abiria mmoja mtu mzima aliitambua sauti yake, akamwambia kwamba mwaka themanini na nane alituma kadi haikusomwa. Awadhi akaandika jina lake kwenye karatasi.

Kibwana, kama walivyoelekezwa stendi, alikuwa anaishi mtaa wa Chanika, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mihogo nyuma. Mlango ulifunguliwa na mke wake, Mwantumu, mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga kiunoni, mwenye unga mikononi. Aliwakaribisha kabla ya kuuliza wao ni nani. Yusta alipotaja jina lake na anakotoka, Mwantumu alisimama kidogo, kisha akaendelea kupangusa viti. Alisema mume wake yupo, ila hasikii. Kelele za korona ziliyajeruhi masikio yake, yakafifia taratibu hata baada ya kuiacha mashine, na alipofika miaka arobaini hakubakiwa na kitu. Anaelewa midomo yake yeye Mwantumu tu, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Midomo ya watu wengine anaiona kama watu wanaotafuna.

Kibwana alitoka chumbani. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alimwangalia Yusta, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

Awadhi alieleza kazi iliyomleta. Mwantumu alisikiliza, akanawa mikono, akaja kukaa chini kwenye mkeka, uso wake ukielekea uso wa mume wake.

"Basi soma, mzee," alisema. "Mimi nitamwambia."

Ikawa hivyo. Awadhi alisoma kwa sauti yake ya redio, na kila alipomaliza sentensi Mwantumu aliirudia kwa midomo, polepole, bila sauti. Hakupunguza neno. Aliposomewa kwamba Binti wa dirisha la bluu ameota anapika kwenye nyumba isiyo ya mama yake, Mwantumu alilisema hilo. Aliposomewa kwamba Yusta amejifunza kusema "karibu" kwa Kizigua, alilisema hilo pia. Majivu yaliangukia mkekani, naye akayakusanya kwa kiganja bila kugeuza uso, asije akamkosesha mume wake neno.

Kwenye kadi ya mwisho Awadhi alishusha sauti kama alivyokuwa akifanya kipindi kikikaribia kuisha.

"Ujumbe wake: nipo tayari, hata kesho. Niambie siku tu."

Mwantumu alichukua ncha ya khanga akajifuta midomo. Kisha akamwambia Kibwana.

Kibwana alipozungumza, sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Nilisubiri mpaka basi la tatu."

"Mwambie sikuambiwa," Yusta alisema.

Mwantumu akamwambia. Kibwana aliitikia kwa kichwa, si kwa hasira. Kama mtu anayekubali kwamba mvua imenyesha. Alinyoosha mkono, akaugusa mkono wa Yusta mahali penye kovu dogo la sindano, akaurudisha mkono wake pajani.

Walikula ugali, mlenda na samaki. Awadhi alikaa nao kwa ajili ya harufu. Kibwana alimchagulia Yusta kipande cha samaki kisicho na miiba, na Mwantumu aliona, akasogeza chumvi.

Alipowasindikiza mpaka barabarani, Mwantumu alitembea bega kwa bega na Yusta. Watoto wa shule walipita wakawaamkia, nao wakaitika. Basi lilipoonekana kwa mbali ndipo akasema.

"Miaka yote hii, dada, nilidhani ni masikio ndiyo yaliyomfanya mkimya."

Yusta alimshika mkono, wakaachana.

Awadhi hakurudi Manundu. Jumatatu alionekana Mpale, akiwasomea watu wa shambani, na wiki iliyofuata ikasemekana amevuka kwenda Lushoto. Yusta alimaliza sketi zote za shule kabla ya muhula kufunguliwa. Saa kumi na moja jioni mikono yake ilisimama yenyewe kwa muda, kisha ikaendelea.

Mwezi wa tisa kanisa lilimchagua Nicolaus kuwa mwenyekiti wa wazee. Alikuja barazani na mita tatu na nusu za kitambaa cheusi, maana siku ya kusimikwa lazima avae suti, na suti zake zote tangu ujana zilishonwa na dada yake. Yusta alikipokea, akakikagua kwenye mwanga, akamwambia avue koti.

Alimpima kifua, akaandika. Akampima mkono, akaandika. Pendo aliwatazama kutoka kwenye karai lake, akarudi kugeuza mihogo.

"Yusta," Nicolaus alisema, macho yake yakiwa barabarani. "Kwenye mkoba wa yule mzee, hapakuwa na yangu hata moja?"

"Nani angekutumia, kaka? Wewe watu wako ulikuwa nao."

Akamwambia ainue kidevu. Aliizungusha futi ya kupimia shingoni kwake, akaivuta, kisha akaingiza kidole kimoja kati ya futi na ngozi, kama afanyavyo kwa kila mteja ili apate kupumua. Akasoma namba. Akaandika kumi na sita, akamwambia aje Ijumaa.