Kadi ya Madam Widad

Mtu akikuambia ati Barasa alipigwa Jeddah kwa sababu ya mwanamke, mwambie anyamaze. Nilipigwa kwa sababu ya mahali pa kupaki gari. Mahali pamoja tu, pamechorwa kiti cha magurudumu kwa rangi nyeupe mbele ya mlango wa hospitali, na nilikuwa na haki ya kupaki pale kuliko mtu yeyote aliyenirushia ngumi siku ile.

Mwenye kadi ya kupaki pale alikuwa Madam Widad. Mimi nilikuwa dereva wake mwaka wa 2015, wakati wanawake wa Saudia hawaruhusiwi kushika usukani na maajenti wanachukua vijana kutoka Bungoma kila wiki. Familia ilikuwa imehama kutoka Riyadh kuja Jeddah, ikapata jumba kule Al-Hamra. Kadi ilitolewa Riyadh. Nilikuwa nailaza kwenye dashibodi, picha ya kiti cha magurudumu ikitazama juu, ili kila mtu ajue gari hili linabeba mlemavu.

Mlemavu gani sasa? Mwezi wa kwanza nilijiuliza hilo kila siku. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mrefu, amevaa viatu vya kisigino, akicheka kwenye simu unamsikia mpaka getini. Nikamwambia Zeinab, dada wa Zanzibar aliyekuwa akifanya kazi ndani ya nyumba, kwamba hawa matajiri hata ulemavu wananunua.

Zeinab akaacha kukamua nguo, akanikazia macho. "We Barasa, hebu funga domo lako! Yule moyo wake umevimba tangu azae. Mie ndo ninayemvika hivyo viatu unavyoviona, maana akiinama pumzi zinamkatika. Akipanda ngazi kumi midomo inakuwa ya buluu. Wewe unajua nini?"

Niliona haya, sikufichi. Tangu siku hiyo mtu akiitazama ile kadi vibaya, mimi namtazama vibaya zaidi.

Na wengi waliitazama vibaya. Mama mmoja alitutemea mate kwenye kioo nje ya duka la dawa. Mlinzi wa jengo fulani alinishika kola akipiga kelele, "Mafi mariid! Mafi!" yaani hakuna mgonjwa hapa. Jamaa mwingine alichukua ufunguo akakwaruza gari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma huku ananitazama machoni. Nilifungua mlango nimfuate nimwonyeshe adabu, lakini madam akasema kutoka nyuma, "Barasa, halas, basi. Twende." Sauti yake ilikuwa imechoka. Nikaondoa gari nikiwa nimeuma meno.

Basi ile siku ya Agosti. Baba Talal, bosi wetu na mume wa madam, alikuwa Riyadh kikazi. Madam aliamka vibaya, na kufika saa sita mchana pumzi zake zilikuwa zinapiga mluzi. Zeinab alimshika mkono mpaka kwenye gari, lakini ilibidi abaki na mtoto. Aliniinamia dirishani. "Kaka Barasa, usimwache atembee. Paki mlangoni pale pale. Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia.

Nilifika hospitali kwa dakika kumi na mbili. Nafasi ilikuwa wazi, nikaingia. Kabla sijafungua mkanda, gari jeupe likafunga breki nyuma yangu likaniziba.

Akashuka mwanamume wa miaka arobaini hivi, kanzu imelowa jasho mgongoni. Ndani ya gari lake alikaa baba yake, mzee kabisa, na kiti cha magurudumu kimekunjwa kiti cha nyuma. Alikuwa amezunguka akitafuta nafasi ile ile. Nilimwelewa, Mungu ananiona. Ningekuwa yeye ningekasirika pia. Lakini alichungulia ndani akaona nini? Mwanamke kijana, simu mkononi, miguu yote miwili. Akapiga boneti ngumi. Akavunja kioo cha pembeni kwa teke. Akaingiza mkono dirishani kwangu, akatoa kadi, akaichana vipande viwili akanitupia usoni.

"Yuko wapi mlemavu? Yuko wapi?"

Kwa Kiarabu cha kule, moyo ni galb. Mbwa ni kalb. Zeinab alinifundisha hilo hata mara ishirini, akicheka mpaka anashika mbavu, kwa sababu mimi ni Mbukusu. Kwetu gari ni kari na gunia ni kunia, ndivyo ulimi ulivyo, na mtu akiwa na hofu ulimi hurudi nyumbani.

Nikashuka. Nikajipiga kifua nikamwelekezea kidole madam. "Madam kalb!" nikasema. "Kalb mariid!"

Madam mbwa. Mbwa mgonjwa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwanamume yule, tena nikiwa nimesimama mahali pa baba yake. Akaganda. Nami mjinga nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti, "Kalb! Kalb!" mpaka watu waliokuwa mlangoni wakageuka.

Kofi la kwanza lilinigonga sikioni nikasikia filimbi. La pili sikulisikia. Wakaja wawili wengine, wanaume waliosikia mgeni anamtukana mwanamke wa watu, na nani angewalaumu? Mmoja alinikamata shingo, mwingine akanipiga magoti tumboni. Niliposhika mlango nisianguke, mtu akaubamiza. Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa ndani. Nilipiga yowe ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Nikaenda chini, na kiatu kikanikuta mdomoni. Meno mawili niliyatema kwenye lami.

Hapo chini, kati ya miguu yao, mlango ulikuwa umebaki wazi. Nikamwona madam. Simu imemtoka. Anateleza kwenye kiti polepole, kichwa kimelala upande, na midomo ni ya buluu.

Wacha nikuambie, mimi si mtu wa vita, lakini nina hasira za mama yangu. Niliinuka na mtu mgongoni. Yule wa kofi nilimpiga kichwa puani, damu ikamruka mpaka kwenye kanzu. Wa pili nilimuuma mkono kwa meno yaliyobaki. Nikaingia kiti cha nyuma.

Sasa, dereva hamshiki madam. Hata kumpa chupa ya maji, unaiweka kwenye kiti anaichukua mwenyewe. Nilikuwa nimekaa na yule mwanamke miezi minane na hatukuwahi kugusana hata kidole. Nikapitisha mkono chini ya mgongo, mwingine chini ya magoti, nikamtoa.

"Amemshika! Amemshika mwanamke!"

Ebo! Kama mwanzo walikuwa wananipiga kwa hasira, sasa walinipiga kama wajibu. Mmoja alivua ile kamba nyeusi ya kichwani akanicharaza nayo mgongoni na shingoni. Kila hatua, kiboko. Sikuweza kujikinga kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilimkumbatia tu madam, nikainamisha kichwa juu ya uso wake ili zinazokuja zinipate mimi, nikaenda. Mlango wa hospitali haukuwa mbali, hatua chache tu. Mimi niliona kama Bungoma na Nairobi.

Mtu mmoja tu alikuwa ameona ile midomo. Yule mzee. Alijinyoosha kutoka kiti chake akabonyeza honi ya gari la mwanawe bila kuachilia, akipaaza sauti yake ndogo, "Mwacheni! Anakufa! Mwacheni!" Nadhani mwanawe alisikia, kwa sababu viboko vilikoma kabla sijafika mlangoni. Wauguzi wakamchukua madam kutoka mikononi mwangu. Mimi nikabaki hapo chini mpaka polisi walipokuja.

Siku tatu nilikaa selo. Sikuulizia chakula wala daktari. Kila askari aliyepita nilimuuliza kitu kimoja: madam yuko hai? Hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kuniambia. Niliomba kwa Kibukusu, nikaomba kwa Kiswahili. Nilimwambia Mungu kama amekufa, basi asinitoe humo.

Siku ya nne wakaniita chumba cha mbele. Baba Talal alikuwa amesimama, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Yuko hai," akasema.

Nililia kama mtoto, na sikujali askari walionitazama. Akanijia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, kichwa kilichojaa damu kavu na harufu ya siku tatu, akakibusu. Daktari alimwambia dakika chache zaidi na mkewe angekuwa kaburini. Yule mzee naye alikuja mwenyewe kituoni kwa kiti chake, akaeleza yote, na mwanawe akafuta kesi.

"Kwa hiyo narudi kazini, baba?"

Alikaa. Akatoa karatasi mfukoni akaikunjua mezani, karatasi ya kuondoka nchini moja kwa moja.

"Watu walipiga video," akasema. "Ndugu zangu wameiona. Baba yake mke wangu ameiona. Na mimi, Barasa, ukibaki, kila nikikutazama nitaangalia mikono yako."

"Baba, ulitaka nimwache?"

"La," akasema, wala hakusita. "Wallahi, la."

Kisha akanisogezea karatasi na kalamu. Kalamu sikuweza kuishika, vile vidole vilikuwa vimevunjika. Askari akaleta wino, nikatia kidole gumba.