Mpira Usio na Jina la Elvio

Kwa jinsi anavyosimulia jirani Telo, na hajawahi kuombwa asimulie, Elvio Hodge aliitupa timu ya besiboli ya kiwanda cha sukari katikati ya fainali. Kiwanja cha ugenini, watu wamejaa hadi juu ya mabehewa ya miwa, naye mrushaji ndiye tegemeo la timu. Raundi ya saba akateremka pale pa kurushia, akampita kocha bila neno, akatoka nje ya uzio.

"Niliona kwa macho yangu haya," Telo husema, akibamiza kete ya dhumna mezani. "Sikungoja zaidi. Nilidandia lori la kwanza nikamwahi baba yake. Habari mbaya ukiichelewesha inaoza."

Baba yake, Mzee Cristino, akapiga komeo mlangoni. Jua likizama Elvio alibisha, akabisha tena, kisha akauweka mpira aliokuja nao kizingitini na kushika njia ya reli. Treni ya miwa ilimkuta darajani.

Nereida, binti wa dada yake Elvio, alizaliwa baada ya hapo. Alimjua mjomba wake kwa sauti ya Telo ng'ambo ya ua wa mabati, na kwa ule mpira. Kila jioni babu yake alikaa nao kwenye kiti cha kubembea, akiuzungusha mkononi. Timu nzima ilikuwa imeusaini. Jina la Elvio halikuwamo, na kwa mzee huo ulikuwa ushahidi uliotosha.

Bibi, kabla hajafa, aliagiza iachwe nafasi kati ya kaburi lake na la Elvio. "Babu yako atalala katikati yetu," alisema, akamshika Nereida mkono mpaka akaitikia. Sasa miguu ya mzee ilikuwa imevimba, pumzi inamkatika akivuka chumba tu, na kila alipotajiwa makaburini jibu lilikuwa lile lile.

"Nizikeni popote. Pale, hapana. Silali na mtu aliyekimbia."

Nereida hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kutazama. Aliacha shule alipomaliza ya msingi ili amuuguze bibi, na kuuguza kulimfunza kukaa na kitu mpaka kikuonyeshe upande wake wa pili. Siku moja, akinunua barafu ya kukwangua kwa Chencho, aliyekuwa mdakaji wa timu ile, alimuuliza kwa nini jina la mjomba halimo.

Chencho aliacha kukwangua. "Mtoto wewe! Ukipewa keki ya siku ya kuzaliwa, unajiandikia hongera mwenyewe?"

"Sijawahi kupewa keki."

"Basi nikipata hela nitakununulia, uache kuniuliza maswali ya kipumbavu. Mwenye mpira hausaini. Ulikuwa wake! Kocha alimwandikia maneno pale mishono inapokaribiana, pahali pa heshima, na sisi wengine tukajibana pembeni. Alitoka kwenda kufungwa kidole tu. Mpira ulimgonga, kidole kikapinda kama ndoano. Akarudi, akarusha mpaka mwisho."

"Na babu hamkumwambia?"

"Tulimwambia msibani. Akatutoa na panga mkononi. Eti marehemu husifiwa hata akiwa mwizi." Akamwagia barafu sharubati ya ukwaju. "Kichwa cha yule mzee ni kigumu, kingefaa kujengea daraja."

Nereida alirudi nyumbani polepole, barafu ikimchuruzika mkononi. Sifa za msibani mzee hazitaki. Lakini kilichoandikwa Elvio akiwa hai, bado anacheka na wenzake, hicho hakikuwa cha kumliwaza mtu.

Kati ya mishono ya ule mpira hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama goti la mtoto, wino wote umekwisha. Asubuhi, babu akiwa bado amelala, alikaa nao dirishani. Mwanga ulipoupiga mpira kwa mbele haukuonyesha lolote. Alipouinamisha, mwanga ukapita ubavuni, alikiona kijifereji, kisha kingine: kalamu ilikuwa imekandamiza ngozi. Asubuhi hiyo alipata herufi moja. Nyingine zilikuja siku zilizofuata, na siku za mawingu hazikuja kabisa.

"We Nereida!" Telo alimpigia kelele juu ya mabati. "Unaatamia yai? Likianguliwa nigawie kifaranga!"

"Likianguliwa utakuwa wa kwanza kusikia, mzee Telo. Si ndiyo kazi yako?"

Alipoyapata maneno yote alimpelekea babu kahawa, akakaa miguuni pake na kumsomea, akiyafuata maneno kwa ukucha. *Kwa Elvio. Ulirudi na kidole kilichovunjika ukatumalizia mchezo.* Chini yake, jina la kocha.

Mzee alisema, "Soma tena."

Akasoma tena. Kahawa ikapoa.

"Babu, tukulaze katikati yao?"

Alinyoosha mkono akauchukua mpira. "Baada ya mazishi niliupeleka kwa karani wa duka la kiwanda," alisema. "Mimi kusoma sijui. Nikamwambia, nitafutie jina la mwanangu. Akasema, nipe niuone vizuri. Sikumpa. Sikutaka mtu aushike. Niliushika hivi, nikawa namgeuzia."

Vidole vyake vilijikunja vyenyewe kuuzunguka mpira, kama vilivyozoea jioni zote zile, na dole gumba likatua katikati ya mishono, juu ya ile ngozi iliyong'aa. Likafunika maneno yote.

Wote wawili walilitazama.

"Alinisomea yaliyoonekana," mzee alisema. Hakuliondoa dole. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa shida, na alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba maji. "Mjukuu wangu, macho yako yanaona kuliko ya wote. Nambie hata siku ile yalikuwa yameshafutika. Nambie karani asingeyaona hata ningemwachia. Ukiniambia hivyo, nitalala popote mtakaponiweka."

Siku ile wino ulikuwa haujamaliza hata wiki kwenye ngozi.

Nereida alifungua mdomo. Babu yake aliukazia macho mdomo huo, akingoja.