Chupa ya Bluu ya Bibi Enesi

Ketrina ni nesi mwenye huruma, na asubuhi ile huruma yake nusura iharibu kila kitu. Bibi Enesi, aliyeletwa hospitalini kutoka kijiji cha Mbebe kutolewa uvimbe tumboni, alikuwa ameuficha mkono ndani ya kitenge asitolewe damu ya kipimo. "Kidogo tu, mjukuu wangu. Damu hii hii ndiyo ninayolimia."

Basi Ketrina akachukua kidogo. Chupa ya kifuniko cha bluu haikujaa hata nusu.

Saa nne daktari wa upasuaji akasoma majibu, akakunja uso. Damu ya bibi ilikuwa inachelewa mno kuganda. "Simpasui. Akianza kuvuja mezani nitamzuia na nini?" Na daktari mwenyewe ni mgeni, jioni anaondoka, harudi hadi mwezi ujao. Bibi alikuwa na wiki mbili hapati usingizi kwa maumivu. Atupele, binti yake, akaketi sakafuni akalia bila kujificha.

Ketrina akaikumbuka ile chupa isiyojaa. Akakimbilia maabara. Ambwene, fundi wa vipimo asiye na subira, alimwinulia ile chupa hata kabla ya salamu.

"Dada, hii nini? Humu mna dawa ya kuzuia damu isigande, imepimiwa damu inayofika kwenye mstari. Ukileta nusu, dawa inazidi, damu inachelewa hata kama bibi ni mzima kuliko wewe!"

"Sasa mbona uliipima?"

Ambwene akaiweka chupa mezani. "Nilipaswa kuikataa. Haya, kalete nyingine, usinikodolee macho!"

Ketrina akarudi kitandani. "Bibi, nilikuonea huruma ya kijinga. Naomba mkono mwingine." Enesi akaguna, akautoa. Damu ikapanda mpaka mstarini. Ketrina akaigeuza chupa polepole mara nne, bila kuitikisa, akaipeleka mwenyewe.

Alisimama mlangoni pa maabara akiomba Mungu. Hatimaye Ambwene akatoa kichwa. "Inaganda vizuri kabisa! Mwambie daktari akanawe mikono."

Ketrina akamkumbatia palepale, na koti lake jeupe hivyohivyo. "We dada, we dada, utanivunja!" akalalama Ambwene, naye anacheka.

Saa kumi Bibi Enesi akafumbua macho. Uvimbe ulikuwa umeshatolewa. Akamtafuta Ketrina, akauliza kwa sauti ya kukwaruza: "Ile damu iliyobaki mmenirudishia?"

Atupele akacheka huku machozi yakimtoka. Ketrina akamshika bibi mkono.

"Haikubaki, bibi. Safari hii nilijaza."