Kisima cha Mkonze

Halfani bin Jaha alikuwa mkalimani wa kampuni ya Wajerumani iliyokuwa ikijenga reli kutoka pwani kwenda bara. Siku alipoambiwa ampeleke bwana mhandisi Mkonze kutazama maji, alijua mara moja wanakwenda kwa nani. Upande ule, kisima kilichokuwa hakikauki kiangazi chote kilikuwa kimoja tu, na mwenyewe alikuwa Matonya.

Matonya hakuwa mtu baki. Baba zao walichanjiana udugu zamani za misafara, wakati mzee Jaha akipita Ugogo na wapagazi wake. Halfani mwenyewe alizaliwa Dodoma, ilipokuwa bado ni vibanda vichache vya wafanyabiashara, na utoto wake nusu aliumaliza Mkonze, akilala ndani ya tembe moja na ndama wa Matonya. Kigogo alikijua kabla ya Kijerumani. Kijerumani alikipata baadaye, shule ya serikali huko pwani, na ndicho kilichompa kazi na koti la kaki.

Walifika asubuhi, ng'ombe wakiwa wananyweshwa. Kisima kilikuwa kwenye ukingo wa korongo, kipana, kimepigwa ngazi za mawe hadi chini, na vijana walikuwa wamepangana kwenye ngazi wakipokezana vibuyu na kumimina kwenye hori la udongo. Bwana mhandisi alikuwa kijana, uso umekuwa manjano kwa homa. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Alivua kofia, akaomba maji, akanywa, akatabasamu. Kisha akazungumza na Halfani kwa kirefu huku akinyoosha kidole kule ambako tuta la reli lilikuwa linakuja.

Matonya alikuwa amesimama na fimbo yake mabegani, mkewe Hana kando yake. Akamtazama Halfani, akisubiri.

"Ndugu yangu," Halfani akasema, "bwana anasema gari moshi linakunywa maji kama ng'ombe, tena kuliko ng'ombe. Nalo likifika Dodoma litakuta maji hakuna. Kwa hiyo kisima hiki kinachukuliwa kwa kazi ya reli."

"Kinachukuliwa, au kinaombwa?"

Halfani alitamani kumdanganya. "Kinachukuliwa," akasema.

Matonya hakupandisha sauti. Alianza kueleza, na Halfani akawa anageuza neno kwa neno. Alisema kisima kile alikichimba baba yake, na mwamba ulimla vidole viwili. Alisema mwaka wa njaa kubwa hata Wahehe, waliokuwa wamezoea kuja kuiba ng'ombe, walikuja kunywa pale na hawakufukuzwa. Lakini kisima kina adabu zake: kuna wanaotangulia na wanaofuata, na kuna siku kinaachwa kipumue. Kama hilo gari moshi ni mgeni, na lije linywe asubuhi kama mgeni, liende zake.

Halfani aliyafikisha yote. Hakupunguza hata moja, na mahali pengine alitafuta Kijerumani kizuri kuliko kile alichozoea kukitumia kwa bwana yule, maana alitaka yamwingie. Bwana mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema mzee huyu anazungumza vizuri sana. Halafu akauliza kama chini ya mchanga kuna jiwe au udongo.

Vigingi vilipigwa siku ileile.

Hana ndiye aliyesema waende bomani. Alikuwa amesoma kidogo kwa wamisionari wa Mvumi, akabatizwa huko, na Kiswahili alikijua kuliko mumewe. Kama bwana mhandisi ana mkubwa wake, alisema, basi mkubwa huyo yuko Kilimatinde, na mtu akionewa na mdogo humwendea mkubwa. Halfani hakuwa na matumaini, lakini hakuwakatisha tamaa. Aliwaambia majina ya watu wa kuwaona na namna ya kumsalimia bwana shauri, mkuu wa boma. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda. Mkalimani akitoroka kazini alichapwa kiboko kama kibarua mwingine yeyote, awe na koti la kaki au asiwe nalo.

Wakaenda kwa miguu, wakipitia Bahi, wakivuka mbuga iliyokuwa imekauka na kupasukapasuka kama ngozi ya kisigino. Kilimatinde walikaa nje ya boma wakingoja. Bwana shauri alikuwa safarini. Aliporudi alikuwa na kesi ya mauaji ya kusikiliza. Walilala chini ya ukuta, wakipika unga waliobeba, na kila asubuhi Hana alimwendea karani wa mlangoni, akamwamkia, akamkumbusha. Karani hakuwatukana. Alisema tu wangoje.

Walipoingizwa hatimaye, Hana alisimama mbele ya meza akaeleza kwa Kiswahili, na bwana shauri, aliyekijua Kiswahili vizuri, hakumkatiza. Kisha akasema shauri la reli haliko kwake. Liko Daressalama. Reli ni amri ya serikali kubwa, naye kazi yake ni kodi na amani, na kuona vibarua wanapatikana. Akawaambia warudi nyumbani, kwamba reli ikishafika watashukuru.

"Daressalama ni mbali kiasi gani?" Matonya alimuuliza mkewe walipotoka nje.

Hana alimwambia ni huko reli inakotoka.

Walirudi wakakuta waya umezungushwa kisimani na askari amesimama mlangoni. Kwenye zile ngazi za mawe palikuwa na bomba la chuma limeteremshwa hadi majini, na juu yake mashine iliyokuwa ikikohoa na kutoa moshi mchana kutwa. Maji yalikwenda Dodoma, kwenye kambi ya vibarua, kwenye matofali ya stesheni, kwenye chokaa ya nyumba za Wazungu. Dodoma ilikuwa imebadilika wakati wao hawapo. Wapimaji walikuwa wamenyoosha kamba katikati ya mashamba ya mtama na kusema hii ni barabara, ile ni barabara. Wahindi walikuwa wamejenga maduka, Mgiriki mmoja alikuwa anauza mikate, na Wanyamwezi na Wasukuma wa kambini walikuwa wengi kuliko wenyeji. Watu wote hao walikunywa kisima cha Matonya.

Halfani hakukaa bure. Alimwomba bwana mhandisi ng'ombe waruhusiwe jioni mashine ikizimwa, na akakubaliwa. Kwa muda ikawa hivyo: jua likishuka, askari alifungua waya, vijana wakashuka ngazi pembeni mwa bomba. Lakini maji yaliyobaki jioni yalikuwa tope. Ng'ombe walilamba, wakainua vichwa, wakatazama watu. Ndama wakaanza kufa kwanza.

Halfani akaenda tena. Bwana mhandisi alikuwa kitandani na homa, amefunikwa mablanketi matatu kwenye joto lile, na Halfani alisimama mlangoni mwa hema akaeleza. Bwana akasikiliza huku meno yakigongana. Alisema tatizo ni kwamba kisima ni kifupi. Kikiongezwa kina kitatosha reli na mji na ng'ombe wa ndugu yake, wote. Alisema hilo kwa moyo mweupe kabisa. Hata alijaribu kuinuka achore kwa kidole kwenye vumbi jinsi maji yanavyokaa ardhini. Halfani alikwenda Mkonze karibu akikimbia kupeleka habari ile. Na Matonya, ambaye alikuwa ameacha kutegemea neno lolote, akasema huenda ikawa.

Watu wa reli wakaleta baruti. Waliutoboa mwamba ule uliokula vidole vya mzee, wakaweka baruti, wakawaondoa watu, na ardhi ikatikisika hadi udongo wa paa za tembe ukamwagika. Moshi ulipotulia maji yalipanda. Yalipanda mengi, yakafunika ngazi mbili, na watu wa Mkonze waliokuwa wamesimama mbali wakapiga vigelegele. Hana naye alipiga. Bwana mhandisi, aliyekuwa amebebwa kwenye machela aje aone, alicheka kama mtoto.

Aliyekuwa wa kwanza kuyaonja alikuwa Hana. Aliteka kwa kibuyu, akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni.

"Yana chumvi," akasema.

Walidhani ni baruti. Wakangoja yatulie. Yalipotulia chumvi ilizidi. Chini ya ule mwamba kulikuwa na maji mengine ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyajua, si bwana mhandisi, si Matonya, wala baba yake aliyekufa. Na sasa mwamba ulikuwa wazi na maji yale mawili yalikuwa yamechanganyika. Hakuna namna ya kuyatenga. Halfani aliuliza. Aliuliza kwa Kijerumani na kwa Kiswahili, akawauliza mafundi wa Kiitaliano kwa ishara za mikono, na kila mmoja alitikisa kichwa.

Gari moshi likafika Dodoma. Lilivalishwa majani na bendera, watoto wa shule wakaimba, jumbe akapewa kanzu. Lile bomba la Mkonze lililinywesha, maana hapakuwa na maji mengine. Baada ya muda mafundi walifungua tumbo la gari wakakuta mabomba yake ya ndani yameota ukoko mweupe wa chumvi, mnene kama wa sufuria ya ugali. Ikaamuliwa kwamba maji ya Mkonze hayafai. Tangu hapo maji yaliletwa kwa mabehewa kutoka mbali, mashine ikafunguliwa na kupakiwa, waya ukakunjwa, askari akaondoka. Lile bomba refu liliachwa kisimani kwa sababu lilikuwa limekwama kwenye mwamba.

Bwana mhandisi alikuja mwenyewe kusema kwaheri. Alikuwa amepona, amekonda, na kazi yake ilikuwa inahamia mbele kuelekea Tabora. Alisimama ukingoni akatazama maji, kofia mkononi. Kisha akasema sentensi moja fupi.

"Anasema amesikitika," Halfani akasema.

Matonya alikuwa ameketi kwenye jiwe. "Anasikitika kweli, au ni maneno tu?"

Halfani alimtazama bwana yule usoni. "Kweli," akasema.

"Mwambie nimesikia."

Halfani akamwambia. Bwana mhandisi akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akapanda punda wake. Hapakuwa na kitu kingine.

Ng'ombe waliobaki Matonya aliwagawa kwa ndugu zake wa Bahi wamlindie, lakini mwaka ule mvua haikunyesha Bahi pia, na habari zilizokuja baadaye zilikuwa za huyu amekufa na yule amechinjwa kabla hajafa. Majirani walihama mmoja mmoja. Matonya hakuhama. Alishinda akizunguka kisima, akijaza mawe na mchanga upande ambao maji mabaya yalionekana kutokea, akitumaini kuliziba tundu la baruti. Alifanya hivyo kila siku, na kila siku maji yalizunguka mawe yake. Hana alimwacha afanye. Halfani kila alipokuja Ijumaa, siku ambayo Waislamu wa kambini waliruhusiwa kupumzika mchana, alivua koti akasaidia kubeba mawe, ingawa wote wawili waliona kwamba hayasaidii. Mara moja alijaribu kusema jambo, labda kuomba radhi, na Matonya akamkatiza akimwambia ashike ule upande mwingine wa jiwe.

Kisha kambi ikavunjwa na Halfani akaamriwa aende mbele na reli. Aliomba abaki. Akajibiwa kwamba Dodoma sasa hapahitajiki mkalimani wa ujenzi, anahitajika Tabora, na mkataba wake haujaisha.

Asubuhi ya safari alipanda behewa la mataruma, vyuma vya kulazia reli, pamoja na vibarua, akakaa juu ya chuma. Gari moshi lilikuwa bado linapashwa moto stesheni. Ndipo alipoona wanawake. Walikuwa wengi, wa Mkonze na wa vijiji vingine, wamechuchumaa kando ya reli na vibuyu na vyungu, wakisubiri. Maji yaliyoletwa na mabehewa yalipokuwa yanamiminwa kwenye gari moshi, mengine yalimwagika kwenye magurudumu, na wanawake walikuwa wakisogea kuyakinga. Siku nyingine fundi aliwaacha. Siku nyingine aliwafukuza kwa mvuke, wakakimbia wakiwa wameshika vyombo vyao.

Hana alikuwa miongoni mwao. Alipomwona alisimama, akaja hadi kwenye behewa, kibuyu kimejaa nusu.

"Shemeji, unakwenda," alisema.

"Nakwenda. Ndugu yangu hajambo?"

"Yuko kisimani."

Halfani aliinama ukingoni mwa behewa. Hana akashika ubao wa behewa, akainua uso.

"Shemeji, wewe unayasikia wanayosema. Kesho watatuacha tukinge?"

Alitaka kumpa jibu. Alipekua yote aliyoyasikia kwa Wazungu, ofisini na kwenye mahema, maneno yote ambayo kwa miaka mingi alikuwa ameyapokea kwa lugha moja na kuyatoa kwa nyingine.

"Sijui, shemeji," akasema.

Hana akaitikia, kana kwamba hata hilo lilikuwa ni jibu, akarudi kwenye nafasi yake kabla mwingine hajaichukua. Gari moshi likapiga honi, likaanza kuvuta. Fundi alifungua mvuke, na weupe ukawafunika wanawake wote; Halfani aligeuka kumtafuta Hana, lakini ulipotawanyika stesheni ilikuwa imebaki nyuma, na mbele hapakuwa na kitu ila tuta jekundu linalonyooka kuelekea Bahi.