Wapangaji wa Mashine ya Ubundu

Falonne alikuwa fundi wa kompyuta pale Mangobo, mtaa wa Kisangani, na mtu asikudanganye, alikuwa fundi kweli kweli, si wale wanaoipiga mashine kofi halafu wanangoja iamke. Kibanda chake kilikuwa mbele ya parseli, yaani kiwanja, cha Papa Émile, ubavuni mwa meza ya Mama Naomie muuza mikate. Kitu alichokipenda kuliko vyote duniani ni kufungua. Mletee redio, ataifungua. Mletee simu, ataifungua kabla hujamaliza kumsalimu. Ndiyo maana ilimuuma siku ile Célestin aliposhuka kwenye pikipiki, ametapakaa udongo wa barabara ya Ubundu mpaka kwenye kope, akaweka kompyuta mezani na kumwambia kwamba hiyo haifunguliwi.

Célestin alikuwa muuguzi wa kituo cha afya huko Ubundu, kule reli inakoishia. Na kompyuta yake haikuwa ya kuandikia barua. Ilikuja na kifaa kidogo chenye waya. Unakipitisha juu ya tumbo la mama mjamzito, na kwenye kioo unamwona mtoto alivyolala, kichwa kiko wapi, amegeuka au hajageuka. Kabla ya mashine hiyo Célestin alikuwa akiweka sikio tumboni na kukisia. Mara moja alikisia vibaya. Hapendi kuisimulia habari hiyo, na Falonne, ambaye kwa kawaida ana maswali kuliko hakimu, hakumwuliza.

Sasa mashine ikiwashwa inachemka, inanguruma kidogo, halafu inajizima. Chini yake, juu ya skrubu moja, palikuwa na karatasi ndogo ya kung'aa, ndiyo muhuri wa garanti, ile dhamana ya duka. Wafadhili waliokipa kituo mashine walisema wazi kwamba muhuri ukichanika wanaichukua, na Ubundu haitapata nyingine. Duka la Kinshasa lililoiuza lilikuwa limempa Falonne ruhusa ya kupima mashine zake, kuzisafisha kwa nje na kubadilisha chaja. Muhuri hakuruhusiwa kuugusa bila wao kumwambia.

Basi alianza na yaliyo halali. Alichomoa chaja, akahakikisha mashine imezima kabisa, akaiinua na kuiegesha sikioni. Kimya. Akachukua tochi, akamulika kwenye matundu ya pembeni yanayopitisha hewa, akachungulia kwa jicho moja. Akachungulia tena. Kisha akaweka tochi chini na kujifuta uso kwa kitenge chake.

Ndani mlikuwa na watu. Nisameheni, nasema watu kwa sababu Falonne mwenyewe aliwaona hivyo. Walikuwa sisimizi, wale wadogo wadogo wa rangi ya chai, lakini si mmoja wala wawili waliopotea njia. Walikuwa mji mzima. Kwenye mwanga wa tochi aliona njia zao zikipita juu ya waya, wanaokwenda upande huu, wanaorudi upande ule, na kuzunguka feni yote walikuwa wamerundika mayai meupe, madogo kuliko punje ya ulezi, wakiyageuza na kuyalamba. Feni ingezunguka vipi na walezi wote wale? Miaka yote ya kufungua mashine, Falonne alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho, na moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyechungulia dirishani akakuta harusi ya wageni.

Alipomgeukia Célestin na kumwuliza kama mashine ililowa, muuguzi wa watu aliangalia viatu vyake. Ndiyo, mvua ilimkuta njiani akitoka kijijini. Basi akafanya kama sisi sote tunavyofanya simu ikianguka majini, akaizika kwenye mchele. Tena si kikombe cha mchele, ni gunia zima, lile la mchele mpya wa nyumbani, lenye unga mtamu unaonukia, lililokaa jikoni karibu na kopo la asali. Humo mashine ilikaa mpaka akaridhika kwamba imekauka. Sisimizi wa gunia walikuta nyumba kavu, yenye giza na vyumba vingi, na kila ikiwashwa inapashwa joto bure. Wewe ungekataa?

Falonne hakumcheka. Alimwambia tu kwamba mchele hauvuti maji kwenye mashine kama watu wanavyodhani, unaacha vumbi lake na kuita wadudu. Kitu kikilowa ni kukizima, kukichomoa, kukiacha mahali penye hewa na kumwita fundi. Célestin aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi.

Akapiga simu Kinshasa, akaeleza yote bila kuficha. Yule wa dukani alisikiliza, akacheka, halafu akaacha kucheka. Jibu lake lilikuwa gumu pande zote mbili. Wadudu hawamo kwenye garanti. Mashine ikifika kwao na sisimizi ndani, hawaitengenezi. Na wakimruhusu Falonne kuifungua kwa sababu ya wadudu, muhuri umechanika, garanti imekwisha hapo hapo, na wale waliotoa mashine wataichukua. Lakini wadudu wakitoka wenyewe, muhuri ukiwa mzima, na mashine ikiwaka, hakuna aliyevunja sheria. Falonne akakata simu. Hapo maji yalikuwa yamemfika shingoni, kwani ni nani amewahi kumwomba sisimizi ahame akahama?

Unajua Mangobo ilivyo. Kabla hajaweka simu mfukoni watu walikuwa wamejaa kibandani, kila mmoja na dawa yake. Piga dawa ya mbu. Mwaga petroli kidogo tu. Ifukize moshi. Anika juani waungue. Falonne aliwafukuza kwa mkono mmoja huku mwingine ukiifunika mashine. Dawa ya maji itaua saketi kabla ya kuua sisimizi, petroli italipua kibanda na waliomo, moshi utaacha masizi, jua kali litavimbisha betri. Na hata wakifa, watafia humo humo kwenye feni, na sisimizi mfu hatoki kwa miguu yake. Célestin alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Alisema polepole, bila kumwangalia mtu, kwamba kuna mama kule tumbo lake limekaa vibaya, na amemwachia ahadi ya kurudi na mashine.

Ndipo akatokea Papa Émile, mwenye parseli, na shati lake la nyumbani na mswaki mdomoni. Huyu mzee masikio yake yanasikia neno moja tu, nalo alikuwa amelisikia mara kumi toka asubuhi: garanti. Sasa kwetu Kisangani garanti ni nini? Ni ile pesa mpangaji anayomwachia mwenye nyumba siku ya kuingia. Kwa hiyo Papa Émile, akiwa kule nyuma kwenye bomba la maji, alikuwa ameshaelewa habari yote kwa namna yake: huyu muuguzi ana nyumba Ubundu, imejaa wapangaji wakaidi, wana watoto wengi, hawataki kutoka, na watu wa Kinshasa wamemkataza kuvunja mlango. Akatema povu, akamwekea Célestin mkono begani kama mwenye mali kwa mwenye mali.

“Mupangaji haumutoe na kuvunja mulango yako mwenyewe, kijana,” alisema. “Utoe tu mabati. Upepo iingie, mwangaza iingie. Alafu umuonyeshe nyumba ingine pale karibu. Atabeba watoto yake yeye mwenyewe.”

Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Mama Naomie alicheka mpaka akashika meza. Papa Émile alisimama na mswaki wake, hajui wanachekea nini, ameanza kununa. Aliyekuwa hacheki ni Falonne peke yake. Alikuwa anaitazama mashine, kisha feni yake ya mezani, kisha mashine tena, na midomo yake ilikuwa inarudia neno mabati.

Basi, kazi ikaanza. Aliitandikia mashine kitambaa kikavu, akaisimamisha kwa ubavu, akaelekeza feni ya mezani kwenye matundu ya upande mmoja, si kwa nguvu, ila upepo usiokoma. Umeme siku hiyo ulikuwepo, tumshukuru Mungu. Upande huo huo akaweka taa, ili mwangaza uingie mpaka vyumba vya ndani. Kisha akajenga nyumba mpya. Alikata kipande cha mwanzi, akaziba upande mmoja, akasukumia ndani pamba yenye unyevu kidogo, akapaka tone la asali mlangoni. Mwanzi akauweka upande wa pili wa mashine, upande wenye kivuli, na Mama Naomie akasogeza mbabula yake, jiko la mkaa, kwa mbali, mwanzi upate joto na mashine isipate. Mwisho Falonne alichomoa kijiti kimoja kwenye ufagio, akakilaza kutoka kwenye tundu mpaka kwenye mwanzi. Hilo ndilo daraja.

Wakangoja. Watu wa Mangobo hawajui kungoja, wengine waliondoka wakitikisa vichwa. Célestin hakubanduka. Falonne alitengeneza simu mbili huku jicho moja liko kwenye kijiti, na mara kadhaa alitamani kushika bisibisi amalize mambo. Mkono ulimwasha. Akaukalia.

Kwanza alitoka mmoja. Alisimama ukingoni mwa tundu, akapapasa hewa, akashuka kwenye kijiti, akafika kwenye asali, akaingia mwanzini. Akakaa humo muda mrefu, kama mtu anayekagua kama paa linavuja. Alipotoka alirudi ndani ya mashine mbio. Baada yake walikuja watatu, wakaingia, wakarudi. Kisha hapakuwa na kitu, na Célestin akafumba macho.

Halafu walihama. Jamani, sijui niwaambie vipi. Walitoka kama uzi, uzi ukawa kamba, na kila mmoja alikuwa amebeba yai au mtoto mdomoni, ameliinua juu lisiguse kijiti. Weupe ule wote uliokuwa umeizunguka feni ulikuwa unatembea hewani juu ya migongo ya watu wasioonekana vizuri. Hawakusukumana. Mmoja aliangusha mzigo wake mezani, na wawili waliokuwa wanarudi bila kitu walishuka wakamsaidia kuuinua. Mshona nguo wa jirani alikuja na sindano mkononi, akasahau kurudi. Papa Émile alikuwa ameinama mpaka ndevu zinakaribia meza, mswaki umekauka mdomoni.

Katikati ya msafara akatoka mkubwa, tumbo refu linang'aa, anaburuta miguu, wadogo wamemzunguka mbele na nyuma, wengine wanamsukuma. Nyuma yake wa pili. Walikuwa malkia, mama wa mji. Célestin alishusha sauti kama yuko kanisani.

“Angalia,” alisema. “Ule iko na mimba.”

Falonne aliinamia kijiti. Alikuwa ameanza asubuhi kwa kuwachukia, na sasa alikuwa amezuia pumzi ili asiwatikisie daraja.

Wa mwisho alipopita, Falonne aliziba mwanzi kwa jani na kumpa mshona nguo autupe mbali, na Mama Naomie akafuata kwa macho kuhakikisha mbali ni mbali kweli, mbali na sukari yake. Falonne akamulika ndani: vyumba vitupu. Alipitisha kijiti cha meno kwenye tundu, akashika kwacho mapanga ya feni yasizunguke ovyo, akapuliza vumbi la mchele kwa pampu ndogo ya mkono, taratibu, mpaka hewa ikatoka safi. Akapiga picha muhuri, mzima, bila hata mkunjo, akaituma Kinshasa. Kisha akachomeka chaja na kumwachia Célestin abonyeze mwenyewe.

Feni ilizunguka. Kioo kikawaka, kikabaki kimewaka. Falonne alishika ubavu wa mashine akingoja joto, na joto halikuja. Célestin alijifuta macho kwa kiganja bila aibu yoyote. Kisha akasema lazima aipime kabla ya kurudi, akaunganisha kile kifaa chenye waya, akauliza nani atakubali.

Mangobo hawakosi mzaha. Mtu mmoja akataja jina la Papa Émile, kwamba apimwe yeye, tuone kama kweli ana moyo au ni jiwe tupu, kama wanavyosema wale aliowatolea mabati. Watu wakacheka tena. Papa Émile aliwatazama mmoja mmoja, akavua shati lake, akalala kwenye benchi. Labda alitaka kuwakomesha.

Célestin akampaka dawa ya ute juu ya tumbo, chini ya mbavu, akabonyeza kifaa na kukielekeza juu. Kwenye kioo kukawa na ukungu, ukungu ukatulia, na humo ndani kitu kikaonekana kinafumba na kufumbua, kinafumba na kufumbua, na vilango vyake vyembamba vinapepea. Kicheko kilikatika. Falonne alisogea. Alikuwa amefungua maelfu ya vitu katika maisha yake, na hapa hakuna skrubu iliyotolewa, hakuna mlango uliovunjwa, na alikuwa anaona ndani kabisa mwa mtu aliye hai.

Papa Émile aligeuza kichwa akaona. Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake ulibadilika, ukawa wa mtoto.

“Iko inafanya hivi toka lini?” aliuliza.

“Toka mu tumbo ya mama yako, papa,” Célestin alimjibu. “Haiyapumzika hata mara moja.”

Célestin alifuta kifaa, akafunga mashine kwenye begi lake, akamshika Falonne mikono yote miwili, akawasha pikipiki kuelekea Ubundu. Papa Émile alibaki pale kwenye benchi, shati liko chini, kiganja kifuani, anasikiliza. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.